Trekta la Digodigo: Uliza Kilo Kabla ya Nguvu za Farasi

Ukiingia duka la zana za kilimo mjini Arusha kutafuta trekta dogo, mazungumzo huanza na nguvu za farasi. Mashine hii ina 12, ile ina 25, ile ya pembeni ina 50, na bei inapanda kwa mpangilio huo huo. Mkulima anapiga hesabu ya fedha alizonazo, anachagua ile kubwa zaidi anayoweza kuilipia, anarudi nyumbani. Kwa mtu wa Digodigo, kuanzia hapo ni kuanza na jambo la tatu au la nne kwa umuhimu. La kwanza ni uzito wa mashine, na la pili ni maji.

Digodigo ni kata ya tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, katika nchi ya Wabatemi, ambao vitabu vingi vya zamani vinawaita Wasonjo. Hapa kilimo ni cha mifereji. Maji ya chemchemi na vijito yanaelekezwa kwa mikono hadi mashambani, na zamu za maji husimamiwa na baraza la wazee linaloitwa wenamiji. Robert F. Gray, mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu kuhusu jamii hii mwaka 1963, aliona kwamba utawala mzima wa kijiji umejengwa juu ya maji hayo. Mashamba yenyewe ni vipande vidogo, vingine vya udongo mzito wa bondeni, vingine vya kichanga kwenye miinuko, na kati ya kipande na kipande kuna kingo na michirizi. Mashine yoyote itakayoingia humo lazima ikubaliane na mpangilio huo.

Tuanze na uzito. Trekta linavuta plau kwa sababu matairi yanaishika ardhi, na mshiko huo unategemea kilo zinazokandamiza matairi yanayosukuma. Kwenye udongo wa shamba, mashine huweza kuvuta takriban nusu ya uzito huo, mara nyingi pungufu kidogo. Pawatila ya kawaida, yaani trekta la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, ina uzito wa kilo 400 hivi, kwa hiyo tegemea mvuto wa kilo 160 hadi 200. Upande wa pili uko udongo. Kichanga chenye unyevu hudai mvuto wa karibu robo kilo kwa kila sentimita moja ya mraba ya udongo unaokatwa. Mfinyanzi mzito hudai zaidi ya nusu kilo, na ukikauka hudai zaidi ya hapo. Plau inayokata upana wa sentimita 25 na kina cha sentimita 20 inakata sentimita za mraba 500. Kwenye kichanga inahitaji mvuto wa kilo 125 na pawatila inakwenda. Kwenye mfinyanzi inahitaji kilo 300, na hapo matairi yanazunguka pale pale, meno yake yanajaa tope, na plau haijasogea.

Sasa angalia injini. Kuvuta kilo 300 kwa mwendo wa mtu anayetembea, mita 1.1 kwa sekunde, kunahitaji kama nguvu za farasi nne na nusu. Injini ya pawatila ina 12 au zaidi. Nguvu ipo na inabaki. Kilichokosekana ni kilo za kuishikilia chini. Ndiyo maana kumwongezea mkulima injini kubwa juu ya mashine nyepesi ni kumuuzia dizeli ya kuchoma bure. Hesabu hii hii inaeleza maksai pia: jozi yenye uzito wa kilo 600 huvuta kwa utulivu kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 60, na kwa hiyo plau yao hukata kwa kina kifupi, tena baada ya mvua kulainisha ardhi.

Aliyeutatua mgogoro huu wa uzito na mvuto vizuri kuliko wote ni Harry Ferguson, fundi mzaliwa wa Ireland. Zamani plau ilifungwa nyuma ya trekta kama tela. Ferguson aliifunga kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa haidroliki, kiasi kwamba uzito wa plau na udongo inaoukata vinahamia kwenye matairi ya nyuma. Ardhi ikikaza, matairi nayo yanakandamizwa zaidi. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lililoanza kuundwa Coventry mwaka 1946, lilikuwa na uzito wa tani moja na kidogo na nguvu za farasi kama 20 tu, na likafanya kazi ya mashine kubwa kuliko lenyewe. Karibu kila trekta unaloliona wilaya jirani ya Karatu leo lina mikono hiyo mitatu. Mnunuzi wa trekta dogo aikague mikono hiyo kwa makini kuliko rangi: ipande na kushuka bila kutetemeka, na ikibeba mzigo injini ikiwa imezimwa, isishuke yenyewe haraka.

Kuna jaribio la kufanya shambani kabla ya kulipa, nalo halihitaji kifaa. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Endesha bila plau hadi tairi lizunguke mara 10, pima umbali. Kisha shusha plau, rudia mizunguko 10, pima tena. Umbali ukipungua kwa sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo, mambo ni sawa. Ukipungua kwa robo, mashine ni nyepesi mno kwa udongo huo. Hapo unaweza kuongeza vyuma vya uzito au kujaza maji ndani ya matairi hadi robo tatu, njia ya zamani na ya bei nafuu.

Mwenye pawatila atauliza: mbona rotavata inafanya kazi? Inafanya kazi kwa sababu visu vyake vinazunguka kuelekea mbele na kuisukuma mashine, kwa hiyo nguvu ya injini inafika kwenye udongo bila kupitia matairi. Kwenye udongo uliomwagiliwa na kuanza kukauka, ni chombo kizuri sana. Kwenye udongo mkavu inarukaruka, na kwenye mawe visu vinaisha upesi. Ikipitishwa mara nyingi mno husaga udongo kuwa vumbi, na maji yakiingia vumbi hilo linageuka gamba linalozuia mbegu kuchomoza.

Hapa ndipo maji yanapoingia kwenye uchaguzi wa trekta. Mwaka 1911 mkemia wa Sweden, Albert Atterberg, alieleza namna mfinyanzi unavyobadilika tabia kwa kiasi cha maji kilichomo, na kipimo kinachotokana na kazi yake bado kinatumika maabara zote za udongo. Chukua udongo kutoka kina cha plau, uviringishe viganjani uwe kama uzi. Ukifika unene wa milimita 3 bila kukatika, udongo bado umelowa. Trekta likipita litaubana na plau itaacha mabonge yanayong'aa. Ukivunjika kabla ya kufika hapo, ingia shambani. Ukichelewa, udongo unakuwa tofali. Kwenye mfinyanzi wa bondeni nafasi hiyo ni ya siku chache baada ya zamu ya maji.

Naamini kwa dhati kwamba jambo hili linapaswa kuamua ununuzi mzima. Trekta kubwa la kukodi kutoka mbali, lenye foleni ya wateja, litakuja Digodigo siku inayolifaa lenyewe, wala halitafuata zamu ya wenamiji. Trekta dogo linalolala kijijini litaingia kipande hiki leo na kile kesho kutwa, kwa kadiri maji yanavyopita. Kilimo cha mvua kwenye mashamba mapana kinaweza kuvumilia trekta la foleni, lakini cha mifereji hakiwezi.

Karatu wana la kufundisha juu ya upande mwingine wa uzito. Huko majembe ya sahani yamepita kwenye mashamba ya ngano na mahindi kwa miongo mingi, kwa kina kile kile, na chini yake kukajengeka tabaka gumu ambalo mizizi na maji vinashindwa kupenya. Miaka ya 2000 wakulima wa huko, pamoja na watafiti wa kituo cha kilimo cha Selian, walijaribu kulivunja kwa zana ya kuchana mistari bila kupindua udongo, na kupanda ngwara katikati ya mahindi ili kufunika ardhi. Kongwa ilikuwa mbaya zaidi. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ulipeleka huko hadi mashine zilizoundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa kama saruji, na karanga hazikuvunwa kwa kiasi kilichoahidiwa. Digodigo haihitaji tani tatu za chuma.

Kwa hiyo, ningependekeza nini? Kwa vipande vya mfinyanzi, trekta la magurudumu manne yanayosukuma yote, uzito wa tani moja hadi moja na robo, nguvu za farasi 22 hadi 30, upana usiozidi mita moja na nusu. Kwa kichanga peke yake, pawatila yenye magurudumu ya chuma na rotavata inatosha. Kumbuka kwamba hewa ya mwinuko wa mita 1,500 ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya pwani, na injini isiyo na turbo inapungua nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Usinunue iliyo ukingoni.

Siku nyingi za mwaka trekta hilo halitalima. Litavuta tela la viazi vitamu, mbolea ya samadi, mapipa ya maji na mawe ya kukarabati mfereji. Pawatila zilizosambazwa baada ya tamko la Kilimo Kwanza la mwaka 2009 zilionekana sehemu nyingi zikibeba mizigo kuliko kulima, na wapo waliolaumu. Mimi sioni kosa: kubeba samadi hadi shambani ni kilimo. Lakini tela bila breki kwenye mteremko huisukuma mashine kutoka nyuma, na trekta jembamba hupinduka upesi. Dai tela lenye breki zake na trekta lenye fremu ya chuma nyuma ya kiti pamoja na mkanda.

Lami ya kilomita 49 kati ya Wasso na Sale imerahisisha safari, ila Arusha bado ni mbali kwa mtu aliyevunjikiwa na boliti. Nunua aina ambayo fundi wa Wasso au Karatu ameshaifungua, na uondoke dukani na chujio za dizeli, mikanda na visu vya akiba.

Kabla ya mashine kufika, kaeni na wenamiji mchague sehemu za kuvukia mifereji. Sehemu mbili au tatu zenye mawe yaliyopangwa, au bomba lililofukiwa chini ya njia, zitatosha kwa kijiji. Bila hizo dereva atapita popote, na ukingo uliokanyagwa na tairi juu ya mfereji humnyima maji kila aliye chini yake.