Choo chako kisiingie kisimani

Katika vijiji vya pwani kama Ushongo, wilayani Pangani, ardhi ya karibu na bahari ni ya mchanga. Mchanga hupitisha maji haraka, na uchafu wa shimo la choo unaweza kufuata maji hayo hadi kisimani.

Wataalamu wanaofukia taka za nyuklia hujiuliza swali hilohilo: kitakachovuja kitafika wapi, na lini? Hupima mwendo wa maji na uwezo wa udongo kushika kemikali. Sesiamu hunaswa na udongo wa mfinyanzi ikachelewa. Iodini husafiri karibu sawa na maji.

Uchafu wa choo nao uko hivyo. Vimelea vingi huchujwa au hufa njiani, lakini naitreti haishikwi na mchanga. Ikizidi katika maji ya kukorogea maziwa ya kopo, damu ya mtoto wa chini ya miezi sita hushindwa kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita.

Chemsha maji ili kuua vimelea, lakini kumbuka kuchemsha hakuondoi naitreti.

Chimba kisima walau mita 30 kutoka chooni, upande wa juu wa mteremko. Penye mchanga, ongeza umbali. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Midomo au ufizi wake ukigeuka bluu, mwahishe kituo cha afya.