Kompyuta Zilizojua Alifu na Be, na Wanaozinusuru

Chuoni petu neno kuhifadhi lina maana mbili. Ni kukiweka kitu mahali pa salama kisipotee, na pia ni kukitia moyoni hata ulimi ukitoe bila ya kukosea. Juma hili, ndugu wasomaji, tunazitumia maana zote mbili kuwasimulia habari za watu ambao kazi yao, kwa mwenye kuiangalia kwa haraka, yaonekana kuwa ni mchezo wa watu wazima. Hao ni wale wanaozikusanya, wakazitengeneza na kuzichunguza kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980. Wengi wao hawalipwi kwa kazi hiyo. Hata hivyo, wamelitambua jambo ambalo watu wa pwani nasi tunalihitaji, na tutalieleza mbele.

Mwanzoni mwa miaka hiyo, kila kampuni iliunda kompyuta yake kwa namna yake, na programu ya mashine moja haikufaa kwa nyingine. Mwaka 1983 Mjapani Kazuhiko Nishi, wa kampuni ya ASCII, akishirikiana na Microsoft, alitangaza kanuni moja iliyoitwa MSX. Kiwanda chochote kingeweza kuunda kompyuta ya MSX maadamu kimefuata kanuni hiyo. Sony, Panasonic, Yamaha, Philips na wengineo wakaziunda. Kompyuta hizo ziliungwa na runinga ya nyumbani, zikawa na kibodi na tundu la kuchomekea katriji, na ubongo wake ukawa ni chipu iitwayo Z80, yenye mapigo takriban milioni 3.58 kwa sekunde. Zilipendwa sana Japani, Uholanzi, Hispania na Brazili.

Zilipendwa pia katika nchi za Kiarabu, na hapo ndipo kisa chetu kilipo. Mfanyabiashara wa Kuwait, Mohammed Al-Sharekh, aliyezaliwa mwaka 1942, alianzisha mwaka 1982 shughuli iliyokuja kujulikana kwa jina la Sakhr, yaani mwamba. Sakhr ilishirikiana na viwanda vya Mashariki ya Mbali, Yamaha ikiwa mojawapo, ikatoa kompyuta za MSX zenye majina kama AX-100 na AX-170. Mtoto wa Kiarabu akaikuta mashine inayozungumza naye kwa lugha yake, na hata amri za kuandikia programu akaweza kuzitoa kwa Kiarabu. Katika muongo huo huo Sakhr ikaitia Qur'ani ndani ya programu ya kompyuta, kisha ikazifuatia Hadithi. Mwaka 2021 Al-Sharekh alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu. Alifariki mwezi Machi 2024, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tusidhani kuwa kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Yeyote aliyeketi mbele ya mwalimu na ubao wake aujua ugumu wenyewe. Herufi ya Kilatini husimama peke yake, ilhali herufi ya Kiarabu hushikana na jirani yake. Be ya mwanzo wa neno si be ya katikati, wala si be ya mwisho, wala si be iliyo peke yake. Katika herufi 28, sita haziungani na inayozifuata: alifu, dali, dhali, re, ze na wau. Hizo zina sura mbili mbili, na 22 zilizosalia zina sura nne nne. Jumla yake ni sura 100, kabla ya kuzihesabu hamza na lam-alifu. Mashine ya MSX ilikuwa na nafasi 256 tu za alama zote, zikiwemo herufi za Kilatini na tarakimu, na kila alama ilichorwa ndani ya kisanduku cha vidoti 8 kwa 8.

Zaidi ya hayo, maandishi yalipaswa kwenda kutoka kulia hadi kushoto, na kila mwandishi alipobonyeza herufi mpya, programu ilipaswa kurudi nyuma na kuibadilisha sura ya herufi iliyotangulia. Mtoto wa chuo hulifanya hilo bila ya kufikiri. Kompyuta ilihitaji kufundishwa, na kufundishwa kwake kulitiwa ndani ya chipu ndogo zisizofutika kwa kuzimwa umeme.

Mwezi wa Agosti 1990 Iraki iliivamia Kuwait, na Sakhr ikahamia Cairo. Kompyuta za aina nyingine zikatawala soko, na mashine zile zikaingia kabatini na darini. Huko zinaendelea kufa polepole. Kapasita zake huvuja maji yanayoila saketi. Mikanda ya mpira iliyomo katika baadhi ya viendeshi vya diski huyeyuka ikawa kama lami. Plastiki hugeuka manjano. Kanda za kaseti, ambazo ndizo zilizobeba programu nyingi, hupoteza sumaku yake au hushikwa na ukungu.

Hapa ndipo wanapoingia wale tuliowataja. Wamo Uholanzi, ambako mjini Nijmegen wapenzi wa MSX wamekuwa wakikutana mwaka hata mwaka, na wamo Hispania, Brazili, Japani na nchi za Kiarabu. Kazi yao ya kwanza ni ya mikono: kufungua, kusafisha, kuondoa kapasita mbovu na kulehemu mpya. Ya pili ni kunakili. Chipu husomwa tarakimu kwa tarakimu hadi mwisho, kisha nakala hufanyiwa hesabu inayotoa alama moja ndefu. Tarakimu moja ikibadilika, alama yote hubadilika. Alama hiyo hulinganishwa na ile iliyotoka katika mashine nyingine ya aina ile ile, iliyosomwa na mtu mwingine katika nchi nyingine. Zikiafikiana, nakala huaminiwa. Wanazuoni wetu waliifanya kazi ya namna hiyo kwa karne nyingi, walipoketi wawili kuilinganisha nakala ya kitabu na asili yake, wakaiita mukabala.

Kazi ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kufahamu. Ipo programu ya bure iitwayo openMSX, iliyoandikwa na wapenzi hao kwa miaka mingi, inayoiigiza mashine ya zamani ndani ya kompyuta ya leo. Ili kuiandika walilazimika kujua kila chipu hufanya nini, kwa mpangilio gani na kwa muda gani. Walizingatia pia amana: programu hiyo hutolewa bila ya maandishi ya ndani ya viwanda, kwa kuwa hayo yana wenyewe, na badala yake huambatana na mengine yaliyoandikwa upya. Siku mashine ya mwisho itakapokufa, ujuzi wa namna ilivyofanya kazi utakuwa umebaki kwa watu.

Kwa nini nakala pekee haitoshi? Chukueni mfano wa barua iliyoandikwa kwa Kiarabu katika mashine ya zama hizo. Ndani ya diski hakuna be wala te. Kuna tarakimu tu, na kila tarakimu husimama badala ya herufi kwa kufuata jedwali. Majedwali yalikuwa mengi kabla ya dunia kuafikiana juu ya moja liitwalo Unicode, lililoanza kutolewa mwaka 1991. Mwenye diski asiye na jedwali lake ana amana isiyosomeka, kama mrithi aliyeachiwa sanduku bila ya ufunguo.

Sasa turudi kwetu. MSX ilisoma programu zake kutoka kaseti za kawaida, zile zile zilizokuwa zikichezwa majumbani mwetu. Kwa kaseti, programu yenye ukubwa wa kilobaiti 16 ilichukua kama dakika mbili na nusu kuingia, ikisikika kama mlio wa mdudu. Wapenzi wa MSX hawakungoja: wamezicheza kanda zao, wakaziingiza katika kompyuta za leo, wakazisikiliza na kuzisahihisha. Kaseti zetu sisi zina darsa, mawaidha, maulidi, tenzi na sauti za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Nyingi zimo ndani ya makasha ya mbao na mifuko ya plastiki, katika mji wenye joto na hewa ya chumvi, na redio za kuzichezea zapungua kila mwaka. Makaratasi yetu ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu nayo yapo hivyo hivyo, na vijana wanaoweza kuyasoma ni wachache kuliko wazee wanaotutoka.

Twawausia wenye nyumba mambo matatu. Kwanza, kaseti zitolewe mahali pa joto, zihesabiwe, na ile yenye ukungu isichezwe kabla ya kusafishwa na mjuzi. Pili, kijana mwenye kompyuta azinakili zikiwa bado zinasikika, na aweke nakala mahali pawili, si pamoja. Tatu, ambalo husahauliwa zaidi, aketi na babu au bibi wakati kanda inachezwa, aulize na aandike: ni nani huyu asemaye, ilikuwa wapi, mwaka gani, kitabu gani kilikuwa kikisomeshwa, na neno hili la zamani maana yake ni nini. Vivyo hivyo kwa karatasi: apige picha, kisha ajifunze kuisoma.

Kinyume chake ni kunakili sauti ambayo hatutajua ni ya nani, na kupiga picha maandishi ambayo hatutaweza kuyasoma. Watu wa mbali wametumia miaka yao kuifahamu mashine iliyojua herufi 28. Sisi tunao bado wazee wanaozijua herufi hizo, na sauti zilizomo kandani, na majina ya wenye sauti. Nafasi hiyo tunayo leo. Tuitumie wangali nasi, inshaallah.