Sauti Hafifu ya Santuri na Dawa Yake

Mtu wa Chaani mwenye sahani za taarabu zilizotolewa zamani Mombasa kwa chapa ya Mzuri huenda akanunua kichwa kipya cha sindano, kisha akasikia sauti hafifu yenye mvumo. Asilaumu sahani, wala asikimbilie kununua santuri nyingine.

Sindano hutoa umeme mdogo mno. Kichwa chenye sumaku inayotikisika hutoa kiasi cha milivolti 5, yaani sehemu 5 katika elfu za volti moja. Kikuza sauti cha kwanza kikizidisha umeme huo mara 100, hupatikana milivolti 500, nazo zatosha. Lakini kichwa chenye koili inayotikisika mara nyingi hutoa milivolti 0.3 tu. Mara 100 ni 30, nazo ni haba. Chataka mara 1,000, zipatikane 300. Tena, milivolti 5 zikizidishwa mara 1,000 huwa volti 5, na sauti hukwaruza.

Basi kabla ya kutoa fedha, yafaa kusoma karatasi za vyombo vyote viwili. Desibeli 40 ni mara 100. Desibeli 60 ni mara 1,000.