Lilongwe ilipopata neema, sketi zilipimwa na maduka yakahamishwa

Kwenye vibanda vya Chilinde, jijini Lilongwe, jinzi za kike huning'inizwa mbele ili mpita njia azione kwanza. Mitumba huko huitwa kaunjika, na mteja anayetaka kujua kama suruali itamtosha huijaribu papo hapo juu ya chitenje alichojifunga. Miaka 50 iliyopita mwanamke aliyekatiza mtaa wa mji huo akiwa ndani ya suruali hiyo angekamatwa. Asingekamatwa kwa kuvunja desturi, bali kwa kuvunja sheria iliyopitishwa na Bunge.

Sheria ya mavazi ya Malawi ni ya mwaka 1973. Iliwakataza wanawake suruali na sketi zinazoacha magoti wazi. Wanaume walikatazwa nywele ndefu na suruali za bugaluu, zile zenye miguu mipana ambazo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi walizipenda mno. Mgeni aliyefika mpakani na nywele zinazogusa kola alitakiwa azikate kwanza, kisha ndipo agongewe muhuri.

Msomaji wa Tanzania asicheke. Vijana wa TANU walianza kuwafukuza wavaa mini mitaani kwa Operesheni Vijana tangu mwanzo wa 1969, na Uganda ya Idi Amin ikapiga marufuku mini mwaka 1972. Tofauti ya Malawi ni kwamba marufuku hayo yalikuja wakati nchi inaingiza fedha, na kwa wakubwa wa nchi fedha na nidhamu vilikuwa kitu kimoja.

Kuanzia uhuru wa 1964 hadi mwisho wa miaka ya 1970 uchumi wa Malawi ulikua kwa wastani wa karibu asilimia 6 kwa mwaka. Kwa nchi isiyo na bahari wala madini ya maana, hiyo ilikuwa habari kubwa, na wafadhili walikuwa wakiitaja Malawi kama mfano kwa jirani zake. Tumbaku ndiyo iliyobeba mzigo. Rais Kamuzu Banda, aliyetangazwa rais wa maisha mwaka 1971, alihamisha makao makuu kutoka Zomba hadi Lilongwe mwaka 1975. Uingereza haikuutaka mradi huo, hivyo mkopo ulitoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini, ambao Malawi ilikuwa imefungua nao ubalozi mwaka 1967 huku Afrika nzima ikikunja uso. Mji ulipimwa kwa vipande na kila kipande kikapewa namba. Hadi leo ukimuuliza mtu wa Lilongwe anakaa wapi, atakutajia Area na namba yake kabla ya kutaja jina la mtaa.

Tumbaku hiyo ilikuwa ya nani? Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Mkulima mdogo hakuruhusiwa kulima tumbaku aina ya burley; ilitengwa kwa ajili ya mashamba makubwa, na ruhusa ya wadogo haikuja hadi mwaka 1990. Mazao mengine mkulima huyo aliyauza kwa ADMARC, shirika la serikali lililoundwa 1971, ambalo lilimlipa bei ya chini kuliko ya soko la nje. Sehemu ya faida ikaenda kukopesha na kugharamia mashamba makubwa na makampuni ya Press, ambayo mwenyewe alikuwa Banda. Kwa maneno ya sokoni, mwenye debe moja alikuwa akimkopesha mwenye maghala.

Fedha nyingine iliingia mikononi mwa watu wa kawaida kwa njia ya migodi ya Afrika Kusini. Vijana walienda kwa mkataba, wakarudi na baiskeli, mablanketi, redio na cherehani. Aprili 1974 ndege iliyobeba wachimbaji wa Malawi ilianguka Francistown, Botswana, na zaidi ya watu 70 wakafa. Banda alisimamisha ajira hizo. Nyumba nyingi ambazo neema yao ilikuwa ikishuka kutoka Johannesburg zilibaki zikitazama tumbaku ya watu wengine.

Redio ilikuwapo, ya serikali, na televisheni haikuwapo kabisa. Malawi ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1999, miaka mitano baada ya Banda kuondoka madarakani. Chichewa kilifanywa lugha ya taifa mwaka 1968 na Kitumbuka cha kaskazini kikaondolewa redioni. Wanawake walicheza ngoma mbele ya rais wakiwa wamevaa vitenge vyenye picha yake, na si wote waliokuwa na hiari ya kubaki nyumbani.

Ukilinganisha na Marekani ya miaka ya 1920, ambayo vitabu huipenda sana kama mfano wa muongo wa neema, mambo mengine yanafanana na mengine yanapishana. Kule wanawake walipata kura nchi nzima mwaka 1920, sketi zikapanda, redio ikaingia sebuleni na gari la Ford likanunuliwa kwa malipo ya awamu. Biashara iliyabadilisha maisha haraka, na serikali ikakimbilia sheria: pombe ikapigwa marufuku kuanzia 1920, na mwaka 1924 ikapitishwa sheria iliyowawekea wahamiaji viwango kwa kufuata nchi walikotoka. Pombe ilirudi mwaka 1933. Viwango vya wahamiaji vilikaa hadi 1965. Kwa mfanyabiashara wa mpakani tarehe hizo mbili zina somo zuri kuliko habari zote za magari na muziki wa jazz.

Lilongwe nayo iliwapanga watu. Sokoni na kwenye vituo vya mabasi vijana wa chama walisimama wakidai kadi ya Malawi Congress Party. Asiyekuwa nayo hakupanda basi wala hakuingia kuuza nyanya. Mashahidi wa Yehova, waliokataa kadi kwa sababu ya imani yao, walikuwa wamepigwa marufuku tangu 1967, na mwaka 1972 walikimbilia Zambia kwa maelfu. Wamalawi walikuwa wakimbizi wakati uchumi wao unasifiwa.

Kisha zikaja zamu za maduka. Katika miaka ya 1970 wafanyabiashara wenye asili ya Asia waliamriwa kuondoka vijijini na kwenye miji midogo, wabaki Blantyre, Zomba na Lilongwe. Duka lililouzia kijiji chumvi, sukari na kitambaa lilibadilisha mwenyewe au lilifungwa. Mji mkongwe wa Lilongwe ulipokea familia hizo, na mpaka sasa safu za maduka yao ndizo ambazo mchuuzi kutoka Mbeya hupitia anapotafuta bei ya jumla.

Neema yenyewe haikudumu. Mafuta yalipanda bei, vita vya Msumbiji vikakata reli za kwenda Nacala na Beira, na mwaka 1981 Malawi ikachukua mkopo wa kwanza wa masharti ya Benki ya Dunia. Sheria ya mavazi ilifutwa mfumo wa chama kimoja ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ile ramani ya nani auze wapi haikufutwa.

Mwaka 2012 ilirudi kwa jina jipya. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka huo iliwataka raia wa kigeni wafanye biashara katika majiji manne tu: Lilongwe, Blantyre, Mzuzu na Zomba. Watu walizungumza zaidi juu ya Wachina, lakini Warundi, Wanyarwanda na Watanzania wenye vibanda kwenye vituo vya wilaya nao walifunga.

Mkimbizi anaelekezwa upande wa pili. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994. Katika miaka ya Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Kufikia 2023 walikuwa zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Malawi ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi katika vifungu vya kutembea, kuajiriwa na kumiliki mali. Kwa miaka mingi pingamizi hizo zilikaa kwenye karatasi huku watu wakifungua maduka mjini.

Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote warudi Dzaleka kabla ya katikati ya Aprili. Mei polisi wakaanza msako Lilongwe, maduka yakafungwa, na mamia wakalala katika gereza la Maula, watoto wakiwamo. Mgeni mwenye kibali asitoke jijini, mkimbizi asikae jijini. Ajabu ni kwamba tangu 2022, Kongo ilipoingia, nchi zote tatu walikotoka wengi wa watu hao ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mzigo wao wa vitenge na simu hupita Tunduma au Kasumulu pamoja na mizigo ya wenzao wasioitwa wakimbizi.

Bidhaa zinaendelea kupanda barabara ya Dowa kutoka Lilongwe, na kaunjika ya Chilinde ni mojawapo. Tangu 2014 Dzaleka ina tamasha lake la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi wa Kikongo Menes La Plume. Siku hizo Wamalawi wa mjini ndio wanaopanda kwenda kambini. Wengine hulala kwenye nyumba za wakimbizi kwa malipo, hula sambusa na ugali wa muhogo, hununua kitenge cha Kikongo na kukipeleka kwa fundi aliye hatua chache tu. Akitaka suruali badala ya sketi, fundi humpima kiuno na kumwuliza anataka miguu mipana kiasi gani.