Faharasa Iliyobanwa Husomwa Upesi

Wengi hudhani kwamba faharasa ya hifadhidata hubanwa ili kuokoa nafasi ya diski tu. Faida iliyo kubwa zaidi ni kupunguza safari za kwenda diskini. Hifadhidata haichoti ingizo mojamoja. Huchota ukurasa mzima, ambao katika PostgreSQL kwa kawaida ni baiti 8,192. Ukurasa ukibeba maingizo mengi, kurasa za kusoma hupungua, na sehemu kubwa zaidi ya faharasa huenea katika kumbukumbu ya kompyuta.

Tuchukue faharasa ya mikoa wanakoishi wateja. Neno “Kilimanjaro” lina herufi 11, yaani baiti 11, na PostgreSQL huliongezea baiti 1 ya kuonyesha urefu. Hutanguliwa na kichwa cha baiti 8 chenye anwani ya mstari wa jedwali, hivyo zinakuwa 20. Kompyuta ya biti 64 hupanga vitu kwa mafungu ya baiti 8, kwa hiyo ingizo hujazwa hadi 24, kisha kielekezi chake hutwaa 4 nyingine: jumla 28. Wateja 100 wa mkoa huo watakula baiti 2,800, neno lilelile likirudiwa mara 100. Tangu toleo la 13 la mwaka 2020, neno laweza kuandikwa mara moja tu, likifuatwa na anwani za mistari, kila moja baiti 6. Wateja walewale sasa wanaenea katika baiti 628. Siri yake ni mpangilio: faharasa hupangwa kwa mfuatano, na vinavyofanana hukaa jirani.

Yupo atakayesema kwamba namba za simu hazirudiwi. Ni kweli, njia hii haizisaidii sana, lakini nyingi huanza sawa. Hifadhidata iitwayo LevelDB huandika tu mkia wa kila ufunguo (yaani thamani inayotafutwa) unaotofautiana na ufunguo uliotangulia. Je, tutaurukiaje ufunguo wa katikati ikiwa kila mmoja unamtegemea jirani yake? LevelDB huandika ufunguo mzima kila baada ya funguo 16, na utafutaji huanzia hapo. Kazi hiyo ya kuunganisha funguo upya huongezea prosesa mzigo, lakini kuunganisha herufi chache ni kwepesi kuliko kusubiri diski. PostgreSQL nayo hungoja hadi ukurasa ukaribie kugawanyika ndipo iunganishe marudio. Kwa hiyo, kabla ya kununua mashine kubwa, chunguza kwanza ni maneno mangapi faharasa yako inayarudia.