Mawe ya Engaruka Yana Wenyewe

Kyuso, kaskazini ya Kitui, mito mingi ni ya mchanga. Mvua ikinyesha hupita kwa kishindo siku mbili tatu, kisha mto ukabaki mweupe, punda wakivuka pasi na kulowa kwato. Lakini mchanga huo ni ghala. Tangu miaka ya 1990 mamia ya viambaza vya mawe na saruji vimejengwa kukingama mito ya Kitui. Mafuriko yakija huacha mchanga nyuma ya kiambaza, na humo maji hujificha jua lisiyaone. Mzee mmoja wa Kikamba aliyenionyesha kimojawapo aliniambia, "Ndugu yangu wa pwani, nyinyi maji mnayo tele wala hayanyweki. Sisi letu ni kinyume chake." Tulicheka sote wawili.

Nayaeleza hayo kwa kuwa ndiyo yaliyonifumbua macho juu ya Engaruka. Magofu hayo yako Tanzania, wilaya ya Monduli, mkoa wa Arusha, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Nyuma yake ni milima ya Ngorongoro, mbele yake uwanda mkavu. Sisi tukisikia gofu, twaona kibula, msikiti, kaburi la mnara, kama pale Gede. Engaruka hamna chokaa hata chembe. Ni mawe matupu, yaliyopangwa kwa mkono juu ya eneo lipatalo hekta 2,000: makonde yaliyogawanywa kwa safu za mawe, mifereji ya kuleta maji kutoka mito ya mlimani, na juu mteremkoni vijiji saba vilivyojengwa ngazi ngazi, kila nyumba na kitako chake. Wenyewe walilima mtama, wakafuga, baina ya karne ya 15 na ya 18.

Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883. Louis Leakey alifika mwaka 1935, akakisia watu 30,000 hadi 40,000, hesabu ambayo wataalamu wa baadaye wameipunguza mno. Katika miaka ya 1960 alichimba Hamo Sassoon, yule yule aliyekuja kusimamia makumbusho ya Ngome ya Mombasa. Lakini lililonishangaza mimi ni uchunguzi wa karibuni wa Daryl Stump na wenzake: sehemu ya makonde yale haikuwa udongo wa hapo asilani. Watu waliyaachia maji yenye tope, wakayazuia kwa mawe, tope likatua. Wakaongeza mawe, likatua tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka shamba likazaliwa. Wa Kitui wateka mchanga ili wapate maji, wa Engaruka waliteka udongo kwa maji.

Kazi ya namna hii ina ndugu zake duniani. Juu ya milima ya Andes, kando ya ziwa Titicaca, watu wa Tiwanaku, kabla ya Wainka, waliinua matuta makubwa yenye mifereji kati yake, na maji hayo yakakinga mimea na baridi ya usiku. Na nani kati yetu aliyepita chuoni asiyeijua habari ya Sabaa na bwawa lao la Maarib?

Ya Sabaa twayajua, ya Engaruka hatuyajui, na hapo ndipo ninapoona uchungu. Wageni waliandika miaka mingi kuwa Gede na Kilwa ni kazi ya Waajemi na Waarabu peke yao, nasi tukakasirika, na haki yetu. Lakini sisi nasi twadhani ustaarabu ulishuka majahazini ukakomea ufuoni, na kwamba bara ni pori tu. Mkulima wa Engaruka hakuacha kaburi lenye maandishi wala ubeti mmoja. Ameacha mfereji ulionyooka.

Kwa nini walihama? Wengine husema mito ilipungua, wengine ardhi ilichoka, wengine wafugaji waliwasukuma. Wasonjo, walioko kaskazini ya hapo, wangali wakigawana maji ya mifereji kwa zamu, na wako wanaowahesabu kuwa jamaa za wale wa kale. Wairaqw nao hutajwa.

Upande wa kusini wa magofu sasa walimwa tena. Ni watu wenye njaa ya ardhi, siwalaumu. Ila mawe yanaondolewa safu kwa safu, yakitupwa pembeni mwa shamba.