Degedege: Kimbilia Zahanati Kwanza



Usiku mtoto ana homa kali. Mara anakakamaa, macho yanageuka, mikono na miguu inarukaruka. Huku kwetu Tanga wapo wazee wasemao: "Hilo ni degedege. Ndege mbaya kapita juu ya mtoto. Msimpeleke hospitali, sindano itamwua!"

Je, ni kweli? Hebu tuangalie.

Mara nyingi huku pwani degedege huja na malaria. Mbu jike wa anofelesi humwuma mtoto na kumtia vijidudu. Vijidudu huingia katika chembe nyekundu za damu. Chembe hizo hunata ndani ya mishipa myembamba ya ubongo na kuiziba. Ni kama mfereji wa shamba ulioziba takataka: maji hayafiki kwenye mimea. Ubongo nao hukosa hewa na chakula. Mtoto hupoteza fahamu. Hii ndiyo malaria ya ubongo.

Si kila degedege ni malaria ya ubongo. Lakini nyumbani huwezi kujua. Lazima damu ipimwe.

Sasa tuje kwenye sindano. Mtoto hupelekwa kwa mganga kwanza, akafukizwa siku mbili tatu. Akizidiwa ndipo watu hukimbilia hospitali. Akichomwa sindano akafa, sindano hulaumiwa. Kumbe kilichomwua ni kuchelewa!

Hospitali Teule ya Muheza, hapa hapa mkoani kwetu, ilikuwa mojawapo ya hospitali zilizolinganisha sindano za kwinini na artesunate. Watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, wote wenye malaria kali, walitibiwa. Majibu yalitolewa mwaka 2010. Katika kila watoto 100 waliopewa kwinini, walikufa karibu 11. Waliopewa artesunate walikufa 8 au 9. Waliobaki waliishi. Basi sindano inaokoa.

Mtoto akishikwa na degedege:

1. Mlaze ubavu.
2. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni.
3. Usimpe chakula wala kinywaji akiwa hana fahamu.
4. Mpeleke zahanati saa hiyo hiyo. Usingoje kuche.

Akicheleweshwa, hata akipona huenda akabaki na kifafa, kupooza au uziwi.

Na kila usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Bibi na babu tuwaheshimu, ila jioni tuwasomee ukurasa huu kwa sauti.